Baba Yangu, Mtu wa Meli



Mwezi wa Rajabu uliopita Mwenyezi Mungu alimchukua baba yetu, afisa mstaafu wa Jeshi la Wanamaji la Kenya, akiwa na umri wa miaka 77. Waliokuja kutuhani walimsifu kwa mengi, lakini sifa iliyorudiwa kuliko zote ilikuwa kwamba marehemu alikuwa mtu wa nyumbani kwake, mtu wa mkewe na wanawe. Mama yetu, aliyekuwa ameketi eda chumbani, alizisikia kauli hizo kupitia pazia. Siku ya tatu, wageni walipokwisha kutawanyika, alituambia sisi mabinti zake kwa sauti ya chini: "Hao wamemjua tangu alipostaafu. Wangeniuliza mimi habari za miaka ya sabini."

Kauli zote mbili ni za kweli, na umbali ulioko baina yake ndio maisha ya baba yangu. Nimeandika makala haya ili niupime umbali huo kadiri niwezavyo, na pia kwa sababu ipo amana moja ya marehemu ambayo bado haijamfikia mwenyewe. Hiyo nitaitaja mwishoni.

Baba alizaliwa Faza, katika kisiwa cha Pate, mwaka 1947. Babake alikuwa serahangi wa jahazi lililochukua boriti za mikoko kutoka Lamu kwenda nchi za Ghuba, likiondoka na upepo wa kusi na kurejea na kaskazi. Kwa hivyo aliijua lugha ya bahari kabla ya kuijua lugha ya skuli. Alikuwa akitusimulia kwamba mabaharia wa zamani upande wa kaskazini waliuita jaa, kwa jina la nyota ya ncha ya kaskazini, ilhali nyota yenyewe haionekani kutoka Mombasa. Sisi tuko kusini ya ikweta, nayo imejificha chini ya upeo wa macho. Jahazi lilipopanda kuelekea Arabuni ndipo nyota hiyo ilipoanza kuchomoza juu ya maji, na wazee wakawaita vijana waje kuiona kitu ambacho walikuwa wakikitaja jina tangu utotoni.

Jeshi la Wanamaji lilianzishwa Desemba 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, na makao yake yakawa Mtongwe. Lile la kikoloni, lililokuwa la Afrika Mashariki nzima, lilikuwa limekwisha kuvunjwa mwaka 1962. Baba aliingia mwaka 1966, kijana wa miaka 19, katika enzi za boti za doria Simba, Chui na Ndovu, zilizoundwa Uingereza. Wengi wa wenzake walitoka bara na hawakuwa wameiona bahari kabla ya kuandikishwa. Yeye aliijua bahari, lakini hakuwa amewahi kuvaa viatu vya kufunga kamba kutwa nzima. Kila mmoja akamfunza mwenziwe alichokuwa nacho, na baadhi ya urafiki ule ulidumu hadi siku ya maziko.

Baada ya miaka michache alipelekwa kwenye chuo cha maafisa wa majini cha Dartmouth, Uingereza. Huko ndiko alikozindukana na jambo ambalo baadaye alitufunza sote kwa kutumia atlasi ya skuli. Mombasa iko takriban nyuzi 39.7 za longitudo ya mashariki, na Makka iko takriban 39.8. Maana yake ni kwamba kwa mtu wa Mombasa kibla ni kaskazini moja kwa moja, na baharia wa pwani yetu akiitazama dira amekwisha kuiona kibla. Dartmouth mambo yaligeuka. Kibla ilikuwa upande wa kusini-mashariki, na ile nyota ya jaa ilikuwa juu kila usiku usio na mawingu. Alisema kwamba usiku wa kwanza aliitazama kwa muda, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza kuiona nyota ya babake, kisha akaipa mgongo, akageuka kushoto, akaswali isha.

Mwaka 1974 alipeleka posa Likoni, kwa wazazi wa mama. Aliyekataa hakuwa babu, alikuwa bibi. Neno lake limebaki kama methali katika ukoo wetu: "Simpi mwanangu mtu wa meli. Mume wa meli ni mume wa barua." Bibi hakusema hayo kwa kiburi. Dada yake aliolewa na baharia wa meli za biashara, akaachwa miaka tisa bila ya talaka wala masurufu, hajui kama ni mke au ni mjane. Baba alikwenda mwenyewe kuketi mkekani mbele ya bibi, jambo ambalo vijana wa wakati ule waliwaachia wazee wao, akakubali masharti yake yote: mahari yalipwe taslimu kabla ya nikaha, isiakhirishwe hata shilingi moja, na binti akae karibu na mamake, asihamishiwe makao ya kambini. Alimwambia bibi kwamba bahari haina dhamana, na kwa hivyo haki ya mwanamke haifai kupandishwa melini. Bibi akanyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa ni ridhaa.

Hata hivyo, bibi hakuwa mbali na ukweli. Katika miaka 23 iliyofuata mama alijifungua watoto watano, na baba alikuwako kwa wawili tu. Mimi nilizaliwa akiwa mafunzoni ng'ambo. Aliponiona kwa mara ya kwanza nilikuwa nimekwisha kuketi, na inasemekana nililia kwa kumwogopa yule mwanamume mwenye masharubu. Aliyetupeleka chuoni kwa mwalimu alikuwa mama. Aliyesimamia mafundi nyumba ilipotolewa makuti na kupauliwa mabati alikuwa mama. Nduguyangu mkubwa alipovunjika mguu, mama ndiye aliyempakata ndani ya feri usiku, akiwa na mwingine mgongoni. Nasema hivi bila ya kumpunguzia marehemu heshima yake. Mshahara wake ulifika kila mwezi na hatukulala na njaa hata siku moja, lakini mshahara haumwinui mtoto mwenye homa saa nane za usiku. Tunapowasifu waume zetu na baba zetu kwa kazi zao za mbali, tusiusahau mkono uliokuwa umeishika nyumba.

Barua zilikuja. Baba alizipa nambari, kama desturi ya watu wa jeshi, ili mama ajue ipi imepotea njiani. Nambari 41 haikufika mpaka leo, na mama alikuwa akimtania kwamba bila shaka hiyo ndiyo iliyokuwa na maneno matamu. Barua zenyewe zilikuwa kavu kidogo: hali ya hewa, afya, salamu kwa kila mtu kwa jina lake, kisha maswali. Mtoto wa tatu ameanza juzuu gani? Paa bado linavuja upande wa jikoni? Mwenye ardhi amekwisha kulipwa kodi yake ya mwaka? Wasomaji wa Mombasa wanalielewa vyema swali hilo la mwisho, kwani nyumba yetu, kama nyumba nyingi za Waswahili, ni yetu kuta na paa, na ardhi ni ya mwingine.

Nafika sasa mwaka ambao, kwa maoni yangu, ndio uliombadilisha.

Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi ya Ijumaa, feri iliyokuwa ikivusha watu kutoka Mtongwe kwenda kisiwani ilipinduka, na watu 272 wakafa. Wengi walikuwa wafanyakazi na watu wa shughuli zao za kila siku. Hakuna mtaa wa Likoni ambao haukuwa na matanga wiki ile. Baba alikuwa kazini Mtongwe, palepale, akawa miongoni mwa walioingia majini. Alirudi nyumbani siku ya tatu. Hakusimulia kitu siku ile, wala mwezi ule, wala hadi anakufa hakupata kutusimulia aliyoyaona. Aliketi barazani, akamwomba mama chai, akauliza swali moja tu: "Wewe unajua kuogelea?"

Mama alizaliwa Likoni, mita mia chache kutoka baharini. Alikuwa akivuka kivuko kila wiki tangu utotoni. Hakujua kuogelea, wala mamake, wala sisi mabinti watatu. Kaka zetu walijua, kwa sababu watoto wa kiume wa mtaani hujifunza wenyewe kwa kuruka kutoka kwenye mashua. Nadhani hesabu hiyo ndiyo iliyomwumiza. Ameishi na maji maisha yake yote, na wanawake wote wa nyumbani kwake hawayajui.

Wiki ya pili alianza kutufunza. Alichagua siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapotimia, kwa kuwa katika pwani yetu siku hizo maji hujaa karibu na alfajiri. Tuliswali, tukateremka upande wa Shelly kungali giza, kabla ya wavuvi na wakimbiaji kufika. Tulidhani tungevaa suruali na kanzu fupi. Baba alikataa. Alitaka tuingie kama tunavyoingia ferini: gauni, mtandio, buibui juu yake. Alisema kwamba ajali haimngoji mtu abadilishe nguo, na kwamba mtu asiyeyajua maji hufungwa na nguo yake mwenyewe. Somo la kwanza halikuwa kuogelea. Lilikuwa kusimama ndani ya maji ya kifua, kuvuta pumzi, na kufungua vifungo vya buibui kwa mkono mmoja bila ya kutazama, huku nguo ya ndani ikibaki na sitara ikibaki. Somo la pili lilikuwa kulala chali na kuyaachia maji yakubebe. Hilo lilinichukua wiki tatu, kwani shingo yangu haikukubali kulegea. Alikuwa amefunga kamba kiunoni mwa kila mmoja wetu, na ncha zote tano, pamoja na ya mama na ya shangazi, zimo mkononi mwake.

Maneno yalisemwa. Mtaa ni mtaa. Wapo waliouliza ni adabu gani hiyo, mtu mzima kuwateremsha mabinti zake baharini, na mmoja akalipeleka jambo hilo msikitini. Mwalimu wetu wa chuo, Mwenyezi Mungu amrehemu naye, alijibu kwamba kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio matano ya sheria, na kwamba sitara na uhai hazina ugomvi mtu akitumia akili. Kisha akatuma mabinti zake wawili waje wafunzwe.

Hapo ndipo baba alipofanya jambo ambalo wanawake wa Likoni wa rika langu wanalikumbuka mpaka leo. Mabinti wa watu hakuwa maharimu yao. Akamkabidhi mama kamba. Mama, ambaye miezi mitatu kabla hakuthubutu kuingia zaidi ya magotini, akawa ndiye mwalimu, na baba akakaa juu ya jiwe penye njia iteremkayo ufuoni, amelipa bahari mgongo, akizuia watu wasipite. Alikaa hivyo alfajiri baada ya alfajiri. Akisikia kelele nyuma yake hakugeuka, aliuliza tu kwa sauti, "Kuna salama?" na mama akajibu, "Salama." Mtu aliyekuwa amelipwa miaka 28 kwa kuitazama bahari alijifunza kukaa bila ya kuitazama.

Alistaafu mwaka 1997 na cheo cha Meja. Wiki ileile alimletea mama daftari lenye jalada jeusi. Kumbe tangu ndoa yao alikuwa akiandika kila tarehe ya kuondoka na kila tarehe ya kurudi, na sasa alikuwa amejumlisha. Akamwambia, "Mwenzangu, nadaiwa siku 3,214." Mama alilitazama daftari, akamwuliza: "Na usiku je? Au ulihesabu mchana peke yake?"

Jibu la swali hilo lilikuja miaka minne baadaye, kwa njia ambayo hakuna aliyeitaka. Bibi alipatwa na kiharusi mwaka 2001, akalala upande mmoja wa mwili ukiwa hauna nguvu. Daktari alieleza kwamba mgonjwa asipogeuzwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ngozi itachubuka na vidonda vya kitandani ni vigumu kupona. Walio na mgonjwa wa namna hii nyumbani wanajua maana yake: hakuna mtu wa nyumba hiyo atakayelala usiku kucha tena. Kwa desturi mzigo huo ungemwangukia mama, na baada yake sisi mabinti, na waume wangesifiwa kwa subira zao.

Baba alichukua karatasi akachora jedwali la zamu, kama la melini. Melini zamu ni saa nne, na iliyo nzito kuliko zote ni ile ya saa sita za usiku hadi saa kumi, kwa sababu huipati nusu ya kwanza ya usingizi wala nusu ya pili. Hakuna baharia anayeipenda. Aliandika jina lake hapo, siku zote saba za wiki. Kaka zangu aliwapa zamu pia, na mkubwa alipolalamika kwamba ana kazi asubuhi, baba alimwambia: "Na mama yako hana?" Kuoshwa na kubadilishwa nguo kulibaki kwetu wanawake, kwa heshima ya bibi. Kumgeuza, kumnywesha maji kwa kijiko, kumpangia mito chini ya visigino, kuandika saa na upande aliolalia, hayo yalikuwa ya aliye zamuni, mwanamume au mwanamke. Mkwe ni maharimu, na baba hakuona haya.

Zamu hizo zilidumu miaka sita. Natamani niseme kwamba zilikuwa miaka ya nuru na utulivu, lakini hazikuwa hivyo. Tulichoka, tulikasirikiana, na kuna usiku ambao mama alilia jikoni bila ya sababu iliyo wazi. Baba mwenyewe alidhoofika, na sukari yake ikapanda. Lakini bibi hakupata kidonda hata kimoja, na muuguzi aliyekuwa akija kumtazama alikataa kuamini kwamba mgonjwa huyu anauguzwa nyumbani. Ulimi wa bibi ulikuwa mzito, maneno machache ndiyo yaliyomtoka sawasawa. Ikifika saa sita usiku, akisikia kandambili za baba ukumbini, alikuwa akiuliza kwa shida, "Mtu wa meli?" Naye akijibu, "Nimefika, mama." Kuelekea mwisho wake aliacha kumwita mtu wa meli, akawa akimwita mwanangu. Baba aliliandika hilo katika daftari la dawa, baina ya kipimo cha presha na saa ya kunywa uji, pamoja na tarehe yake.

Daftari jeusi hatukuliona tena mpaka alipofariki. Tuliona kwamba chini ya ile jumla ya 3,214 alikuwa ameanza kutoa. Zamu nne za usiku alizihesabu kuwa ni siku moja ya deni, sijui kwa kanuni gani. Hakufika sifuri. Mama alipoonyeshwa alisema, "Angeniuliza, ningemsamehe zamani," kisha akaomba daftari libaki kwake.

Alifariki baada ya isha, nyumbani, kitandani mwake. Usiku uleule walifika wenzake wa zamani, na miongoni mwao wakapendekeza kwa nia njema kwamba afisa kama yeye azikwe kwa taratibu za kijeshi: bendera juu ya jeneza, tarumbeta, na ikibidi maziko yangojee siku moja au mbili ili wakubwa wahudhurie. Ingeweza kuwa fitina, kwani baadhi ya ndugu waliupenda utukufu huo. Lakini wasia ulikuwepo, umeandikwa kwa mkono wake na kutiwa saini na mashahidi wawili. Alitaka sanda tatu nyeupe kama Mwislamu yeyote, jeneza la msikiti, asicheleweshwe hata kwa ajili ya mwanawe aliye mbali, na asipigiwe kitu. Aliandika kwamba bendera aliitumikia akiwa hai, na hakuona kwamba inamdai wala kwamba yeye anaidai.

Alizikwa siku ya pili baada ya adhuhuri. Sisi wanawake hatukwenda makaburini, nasimulia kama alivyonisimulia kaka yangu. Wenzake Wakristo kutoka bara, wazee wenye mvi waliosafiri usiku kucha, walisimama nje ya msikiti kwa safu iliyonyooka mpaka swala ikaisha, kisha wakaandamana na jeneza kwa miguu. Langoni mwa makaburi mmoja wao alipiga saluti, kimya, akashusha mkono. Hakuna aliyemkataza. Kwa kuwa kibla yetu ni kaskazini, maiti wa Mombasa hulazwa kwa ubavu wa kulia kichwa kikiwa mashariki, yaani upande wa bahari kuu. Kaka yangu anasema mmoja wa wale wazee aliligundua hilo akaliuliza, na alipoelezwa akatikisa kichwa kwa muda mrefu.

Kuhusu mambo ya mirathi sitasema mengi, kwa sababu hayakuwa na kisa, na hilo lenyewe ni jambo la kushukuriwa. Tangu alipostaafu baba alikuwa akimchukua mama kila mwaka katika benki na afisi za malipo ya uzeeni, ili azijue njia na ajulikane. Mama alikuwa na akaunti yake mwenyewe. Stakabadhi za kodi ya ardhi zilikuwa zimepangwa kwa miaka. Katika thuluthi aliyoruhusiwa kuusia aliacha fungu kwa mjane wa baharia mwenzake na fungu kwa chuo cha mtaa, kadhi akapima, mama akapata thumni yake, nasi tukagawana kilichobaki kama Mola alivyokigawa. Nimehudhuria matanga ambayo mjane hajui hata jina la benki ya mumewe. Akina baba wanaosoma jarida hili wanisamehe kwa kulitaja hilo, na akina mama wasisubiri kutajiwa.

Msikitini, kabla ya kuswaliwa, ilitangazwa kama ada kwamba yeyote anayemdai marehemu aje kwa wanawe. Walikuja wawili, muuza dawa na fundi wa feni, wakalipwa. Madeni mengine yote yalikuwa yameandikwa na kufutwa isipokuwa moja, nalo ndilo amana niliyoitaja mwanzoni.

Mwaka 1973 baba alikuwa amekwenda Faza kumzika mamake. Akirejea, alipokuwa akiteremka chomboni Mokowe, pochi yake ilitumbukia majini. Alitakiwa kuripoti kambini kesho yake na hakuwa na nauli ya basi ya kurudi Mombasa. Kijana mmoja wa mashua, asiyemjua, alimpa shilingi 40. Baba alimwuliza jina, kijana akacheka akamwambia basi linaondoka. Katika daftari imeandikwa hivi tu: kijana wa mashua, Mokowe, shilingi 40. Alirudi kumtafuta mara tatu katika miaka iliyofuata, akauliza Lamu, Kizingitini na Kiunga, hakumpata. Imamu ametueleza kwamba akikosekana kabisa mwenyewe na warithi wake, fedha hizo zitatolewa sadaka kwa niaba yake, na akitokea baadaye haki yake iko palepale. Kabla ya kufika huko tumeona tutangaze.

Kijana huyo, akiwa hai, leo ni mzee wa zaidi ya miaka 70. Baba ameandika rangi iliyopakwa mashua na alama aliyokuwa nayo kijana mwilini. Hizo sizitaji hapa, ili mwenyewe au jamaa zake watutajie. Ikiwa ni wewe, au ni babako au babu yako aliyewahi kusimulia habari za mtu aliyeangusha pochi yake Mokowe, tafadhali acha habari katika afisi ya jarida hili. Kaka yangu hupita kila Alhamisi kuuliza.